Daktari wa Meno na Kunguni Wasioruka

Mtu yeyote aliyeng'olewa jino mjini Nyeri miaka ya sabini atakusimulia habari za kunguni kabla hajafika kwenye jino lenyewe. Si kosa lake. Daktari wetu wa meno alikuwa na desturi ya kungoja mpaka umefungua kinywa, pamba iko shavuni, huwezi kujibu wala kukimbia, ndipo aanze. "Wewe unafikiri kunguni wote wanakaa kwa kitanda," angesema huku sindano ikiingia. "Hapana. Kuna wengine wanakaa chini ya gome ya mti, huko msituni. Hawajui damu. Hawajui hata wewe uko." Mgonjwa angekodoa macho akiutafuta mlango. Alipokuja kuelewa kwamba hakuna kunguni atakayemgusa, jino lilikuwa tayari kwenye sahani.

Nilikuwa msaidizi wake kwa miaka mingi. Nilipokea wagonjwa, nilichemsha vyombo, nilishika taa, na nilishika mikono ya waliohitaji kushikwa. Sikuwa nesi, lakini watu waliniita Sista. Yeye aliniita Mama Wanjiru, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, kama majirani zangu wa mtaa wa Skuta walivyoniita. Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na ngazi zake za mbao zililia sana hata tukawa tunamtambua mgonjwa kabla hajabisha hodi. Mwenye maumivu makali alipanda mbio. Mwenye woga alipanda, akasimama katikati, akateremka, kisha akapanda tena.

Alikuwa Mhindi wa hapa hapa. Uhuru ulipokuja na baadhi ya jamaa zake wakafunga maduka na kuhamia Uingereza, yeye alichukua uraia wa Kenya na kurudi kazini siku hiyo hiyo. Nilipomwuliza kwa nini hakuondoka, alishangaa. "Nitaenda kutafuta nini huko? Magogo yangu yako hapa." Kiswahili chake kilikuwa cha bara kama chetu, hakikujali sana ngeli. Lakini Kikuyu chake kilikuwa cha akina mama wa soko la Karatina, pamoja na makemeo yake yote. Siku moja mzee mmoja kutoka Othaya alikaa kwenye kiti, akanigeukia, na kusema kwa Kikuyu kwamba haamini mkono wa mtu anayekula majani tu. Daktari alimjibu kwa upole, kwa Kikuyu kizito kuliko cha mzee mwenyewe, kwamba ng'ombe naye anakula majani na hakuna anayedharau teke lake. Mzee akafungua kinywa.

Kwa wagonjwa alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata kwa watoto wadogo. Hakumwambia mtu kwamba haitauma. "Mwambie itaisha," alinifundisha. "Hiyo ndiyo kweli." Akina mama wenzangu wa kanisani walimpenda kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote. Walikuwa wamedanganywa na madaktari wengi wenye sauti tamu.

Yeye mwenyewe lakini alikuwa na jino bovu, gego la nyuma upande wa kushoto, na kila mtu alilijua. Alitafuna upande mmoja. Alikuwa akipenda sukari guru, na mara kwa mara nilimkuta amesimama dirishani ameshika shavu, anatazama mlima kana kwamba ndio uliomkosea. Nikimwambia aende kwa mwenzake wa Nanyuki, alikuwa na sababu: petroli, mvua, wagonjwa wengi. Mwishowe mke wake alimwingiza kwenye gari na kuendesha mwenyewe. Waliporudi, uso umevimba, aliniambia kwa shida, "Yule mtu aliniambia haitauma." Alikasirika wiki nzima.

Sasa kunguni. Nilimwuliza mapema kabisa kwa nini mtu mwenye akili zake ajisumbue na wadudu wa gogo bovu. Hakunijibu kwa maneno. Aliweka mmoja chini ya hadubini iliyokaa mezani kando ya viporo vya chapati, akanivutia kiti. Niliona mdudu mweusi, bapa kama mbegu ya boga iliyokanyagwa, ngozi yake imejaa mabonde na vilima. "Angalia kichwa," alisema. Alikuwa amempasua mwingine ili nione ndani. Kichwani mlikuwa na uzi mwembamba kuliko unywele, umekunjwa duara juu ya duara kama springi ya saa. Ule ulikuwa mdomo. Mdudu anakaa chini ya gome, anaukunjua uzi wake, anaupenyeza ndani ya mti uliooza na kunyonya ukungu unaoota humo. Akishiba anaukunja tena.

"Mimi nimeangalia midomo maisha yangu yote," alisema Daktari. "Hakuna mtu amewahi kuja hapa na mdomo kama hii."

Nilidhani ni mzaha, mpaka nilipomtazama usoni.

Kwao, kwa imani yao, hawakuua kiumbe hai. Nyumbani mbu alifukuzwa kwa gazeti, na siafu walipoingia jikoni mke wake aliwapangia njia ya kutokea kwa majivu. Kwa hiyo hao kunguni aliowachoma pini walimsumbua. Hakuwahi kumaliza ugomvi huo na nafsi yake, wala hakujifanya ameumaliza. Alichukua wachache tu. Kabla ya kumtia mdudu kwenye chupa alisimama kidogo, akasema neno kwa Kigujarati, na mimi sikuuliza ni neno gani. Na gome alilolifunua alilirudisha mahali pake na kulikandamiza polepole kwa viganja, kama unavyomfunika mtoto aliyepiga blanketi teke. Nimeona watu wakitoka msituni na mzigo wa wadudu kwenye magunia. Yeye alitoka na kichupa kimoja na suruali iliyochafuka magotini.

Ile suruali ndiyo iliyomponza huko Timau. Mara kwa mara tulikwenda kukagua meno ya watoto wa shule katika miji ya mlima, na safari hiyo mwalimu mkuu alikuwa amewapanga watoto mstari tangu asubuhi, wamenawa na kupakwa mafuta, na wazee wa kamati wamevaa tai. Sisi tulichelewa. Barabarani, kando ya mashamba ya ngano, Daktari alikuwa ameona mti ulioanguka. Tulipofika alikuwa na vipande vya gome kwenye nywele na matope mpaka mapajani. Mwalimu mkuu alimpita akaja kunisalimia mimi, "Karibu sana, Daktari," na kumwonyesha yeye mahali pa kuosha gari. Daktari alikwenda kwa utulivu, akaosha gari, akaosha mikono, kisha akarudi na kuniuliza mbele ya wote, "Daktari, naweza kukusaidia?" Nilicheka mpaka nikaharibu heshima niliyokuwa nimepewa.

Kunguni waliokuja kumpatia jina aliwapata Jumapili moja katika msitu wa juu ya Giakanja, nyumbani kwetu. Kulikuwa na mti mkubwa wa muiri uliolala kando ya kijito. Chini ya gome lake aliwakuta kunguni bapa ambao hakuwa amewahi kuwaona, na kilichomshtua ni mabawa. Yaliishia njiani, mgongoni, kama koti la mtu ambaye fundi aliishiwa kitambaa. Jumatatu alikuja kazini akiimba. Aliamini kwamba wale si wageni tu, bali hata ukoo wao haujulikani. Nilipomwomba anieleze tofauti, alitumia lugha ya kwetu. "Aina mpya ni kama mtoto mpya katika nyumba. Hiyo hutokea kila siku. Jenasi mpya ni nyumba mpya, Mama Wanjiru. Nyumba imesimama hapo miaka yote na hakuna mtu amewahi kupiga hodi."

Mtaalamu wa wadudu alikuja kutoka Nairobi kuwatazama. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye koti kubwa kumpita. Alikaa kwenye hadubini kwa muda mrefu, na Daktari akazunguka chumba akipanga koleo zilizokwisha kupangwa. Kisha mgeni aliinua kichwa.

"Daktari, nasikitika. Nafikiri hawa ni watoto."

"Ni wazima."

"Mabawa mafupi namna hii, kwa kawaida ni mtoto ambaye hajamaliza kukua. Akibadilisha ngozi mara ya mwisho atakuwa na mabawa kamili, na tutamkuta ni wa jamii tunayoijua."

"Hawa hawangoji kitu. Wamemaliza kukua."

Mgeni hakukasirika. "Inawezekana nimekosea. Lakini ukiandika jenasi mpya kwa watoto, watu watacheka, na mimi sitaki wakucheke. Niletee jike mwenye mayai tumboni. Mtoto habebi mimba. Na ukiweza, mlete pamoja na dume wake."

Jumapili iliyofuata Daktari alirudi msituni. Pale kando ya kijito palikuwa na unga wa msumeno, alama za trekta, na nafasi tupu yenye umbo la mti.

Jumatatu hakuimba. Aling'oa meno kimya kimya, na kimya chake kiliwatisha wagonjwa kuliko kunguni walivyowahi kuwatisha. Mama mmoja aliyekuwa akingoja kwenye benchi alinivuta kando. "Sista, mbona leo hasemi? Jino yangu ni mbaya sana?" Saa ya chakula nilimwuliza Daktari kulikoni, naye akaniambia kuhusu gogo: muiri, kubwa, kando ya kijito, lina kovu la mzinga wa zamani ubavuni.

Kijiko changu kilisimama hewani. Dada yangu mdogo Muthoni alikuwa anaolewa Jumamosi ile. Baba yangu alikuwa amelipia kibali cha kuni msituni, na nilikuwa nimeliona gogo lile likiletwa nyumbani Giakanja kwa trekta, na kovu la mzinga ubavuni.

"Daktari," nilisema, "hiyo mti iko kwetu. Ni kuni ya harusi."

"Imepasuliwa?"

"Imepasuliwa na kupangwa."

Alisimama, akashika koti. Kisha akatazama benchi kupitia mlangoni, watu wamekaa wameshika mashavu, akalitundika koti tena. Alimhudumia kila mmoja. Jioni nilikwenda mimi nyumbani kumwomba Baba. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa utaratibu. Alisema vitu vya harusi vimekwisha kupangwa na kufunikwa, na hatapenda mtu avipekue kabla ya siku, awe daktari au askofu. Nilipomsihi, alifikiri. "Aje siku yenyewe," alisema. "Aje kama mgeni, akaribishwe kama wageni wengine."

Kwa hiyo Daktari alikuja harusini. Alivaa suti ya kijivu, na mke wake alivaa sari ya rangi ya ndizi mbivu ambayo watoto wa Giakanja waliifuata njia nzima. Walileta zawadi ya sufuria za kupangana. Kanisani aliketi safu ya mbele, mahali pa heshima, palipomfanya asiweze kutoka. Mhubiri alikuwa na mengi ya kusema kuhusu ndoa. Kupitia dirishani, ng'ambo ya shamba la kahawa, ulionekana moshi ukipanda kutoka jikoni kwetu, mnene, mweupe, na nilimwona Daktari akiutazama. Kila moshi ulipozidi alifumba macho. Watu walidhani anaomba. Nadhani alikuwa anaomba.

Jikoni alikuwa anatawala Tata, shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na hapana mwanamume aliyepita nyuma ya nyumba siku ya mapishi bila ruhusa yake. Nilimpeleka Daktari kwake mara tu tulipotoka kanisani. Nusu ya kuni ilikuwa imekwisha.

Tata alimtazama kutoka viatuni hadi kichwani. "Wewe ndiye uling'oa jino yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Uliniambia itauma."

"Ndiyo, Mama."

"Na iliuma." Alifuta mikono kwa leso. "Unataka nini?"

Daktari alimweleza kwa Kikuyu, na hakuficha kitu. Alisema kuna wadudu wadogo chini ya gome la zile kuni, hawajulikani mahali popote duniani, na wakiungua leo huenda asiwapate tena maisha yake. Wanawake waliacha kumenya viazi. Tata akawageukia. "Mmesikia. Hakuna kuni inaingia kwa moto na nguo yake. Mnavua gome kwanza, mnaonyesha Daktari, halafu mnachoma."

Sijawahi kuona kazi kama ile. Akina mama waliovalia vizuri walikaa chini na visu vya viazi, wanabandua magome, wanayainua kwenye mwanga. "Daktari, ni huyu?" "Hapana Mama, huyo ni jongoo." "Na huyu?" "Huyo ni mtoto wa mende, mrudishe." Mmoja akaanzisha wimbo wa harusi, ule wa kumsifu bibi arusi, na mwingine akabadilisha maneno akamsifu kunguni, na wote wakaitikia. Mke wa Daktari, aliyekuwa amesimama mbali kwa ajili ya sari yake, aliipandisha, akaifunga kiunoni, akachukua kisu. Daktari alikuwa amepiga magoti kwenye majivu na suti yake, lenzi jichoni, anapokea magome kama mtu anayepokea watoto kwenye ubatizo.

Moto ulipungua. Wali ukakawia. Wageni wakaanza kutazamana, na baada ya muda Baba alitokea upande wa nyuma akiwa na fimbo yake. Wimbo ulikatika.

"Kwa nini wageni hawajala?" aliuliza.

  Ndipo Tata, ambaye hakuwa hata ameinua kichwa, aliposema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Daktari, kuja uone. Hawa wako kwa harusi yao."

Kwenye gome lililokuwa kiganjani mwake walikuwako kunguni wawili wenye mabawa mafupi, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, wameungana, wametulia kabisa. Daktari aliweka lenzi jichoni na kubaki hivyo.  Kisha akamnyooshea Baba ile lenzi.

Baba alishika lenzi kama mtu anayeshika yai. Aliinama. Alitazama muda mrefu, na wageni wengine wakaanza kusogea nyuma yake, hata bwana arusi mwenyewe. Kisha Baba alinyoosha mgongo.

"Na hawa," aliuliza, "walialikwa na nani?"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Muthoni alikuja mbio na shela yake kuuliza kuna nini, akaonyeshwa, akajifunika uso.

Tulikula kwa kuchelewa, na hakuna aliyelalamika. Daktari alichukua wale wawili na wengine wachache waliopatikana baadaye, na mbele ya kichupa alisimama muda mrefu kuliko kawaida. "Siku ya harusi yao," aliniambia chini chini. Tata alimsikia. "Chukua," alisema. "Hao wataishi kuliko sisi." Magome mengine yote yenye wadudu yalipakiwa kwenye gari la Daktari pamoja na vigogo ambavyo havikuchomwa, na kesho yake, baada ya ibada, vijana wa kanisa walimsaidia kuyarudisha msituni kando ya kijito.

Yule jike alikuwa na mayai. Daktari aliniita kwenye hadubini nione: meupe, yamebanana, kama punje za mchele zilizotengenezwa kwa kioo. Alipiga simu Nairobi. Mtaalamu alikuja mwenyewe, na koti lake lile lile, akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. "Wazima," alisema. Kisha akamshika Daktari mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia haraka. "Na nyumba yao siijui. Andika."

Kuandika kulichukua muda mrefu kuliko kutafuta. Ilibidi kila sehemu ya mwili ielezwe na kulinganishwa na jamaa zake wa karibu: umbo la kichwa, vipapasio, miguu, mabawa yanakoishia, matundu ya kupumulia yako tumboni au ubavuni. Na ilibidi kuwe na michoro, na Daktari hakuweza kuchora hata kikombe. Aliyeweza alikuwa mke wake, aliyekuwa amechora maua ya hina kwenye mikono ya maharusi tangu usichana wake, na ambaye alikuwa ameapa kwamba hatamgusa kunguni yeyote nyumbani mwake. Alichora akilalamika. Alichora kwenye meza ya chakula ikiwa imejaa vitunguu upande mmoja. Siku moja nilipowapelekea funguo za kliniki niliwakuta katika ugomvi mkubwa. Yeye Daktari alikuwa ameandika kwamba matundu yote ya kupumulia yako chini, tumboni. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama, alisema moja liko ubavuni, linaonekana ukimtazama mdudu kutoka juu.

"Nimeangalia mara mia," alisema Daktari.

"Umeangalia. Mimi nimechora," alisema Mama. "Mtu akichora hawezi kuruka kitu."

Chapati iliungua wakiwa bado kwenye hadubini. Tundu lilikuwa ubavuni. Daktari alifuta sentensi yake na kuandika nyingine, na kwa miaka iliyofuata alimsimulia kila mgonjwa kwamba sentensi bora katika kazi ile ni ya mke wake.

Jina lilizua mjadala mpaka sokoni. Tata alidai haki yake kwa kuwa ndiye aliyewaona. Lakini Daktari alikuwa amelipenda jina la bibi arusi. Kwa Kikuyu muthoni ni mkwe, na ndani ya neno lile mna aibu, ile haya ya kistaarabu ya mtu anayejificha akiona wakwe. Alisema hajaona mdudu mwenye haya kama yule. Kwa hiyo nyumba mpya iliitwa Muthonia, na mtoto wake wa kwanza, yaani ile aina tuliyoipata, akaitwa kwa jina la Giakanja. Muthoni alilia alipoambiwa. "Ati mimi ni kunguni?" Mumewe alimtania mwezi mzima. Baadaye alibadilika. Karatasi zilipochapishwa ng'ambo na nakala kutufikia, alitaka ukurasa wenye mchoro utiwe kwenye fremu, na ukatundikwa sebuleni kwake, karibu na picha ya harusi. Wageni walipouliza, alisema, "Hao na sisi tulioana siku moja."

Daktari alistaafu mikono ilipoanza kumtetemeka. Alifunga kliniki bila sherehe, akanipa kiti cha wagonjwa ambacho sikujua nikiweke wapi, na wakahamia Nanyuki kwa binti yao. Miaka ilipita tukitumiana salamu kwa watu. Niliposikia amekuwa mgonjwa wa kifua, nilivaa vizuri nikaenda kumwona.

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta kitandani. Nilimkuta barazani amekaa kwenye kiti cha mkeka, amekonda, amejifunga shali, na amechangamka kupita kiasi. Hata salamu hakuzimaliza.

"Mama Wanjiru, nilikosea."

"Ulikosea nini, Daktari?"

"Kaa kwanza. Mama, lete chai."

Wiki iliyopita, alisema, msichana mmoja wa chuo kikuu alikuja kumtafuta. Alikuwa akisoma wadudu wa msitu wa mlima, upande wa Timau. Alikaa pale pale nilipokaa mimi, akashika kikombe mpaka chai ikapoa, hawezi kuanza. Alikuwa anaogopa kumvunjia mzee heshima. Mwishowe alitoa kisanduku kidogo mkobani. Ndani mlikuwa na kunguni wa jenasi ya Muthonia, kila kitu kama kilivyoandikwa, kichwa, vipapasio, lile tundu la ubavuni, isipokuwa mabawa. Mabawa yalikuwa marefu. Yalifika mwisho wa mwili.

"Mimi niliandika mabawa yao ni mafupi, basi," alisema Daktari. "Niliandika hawaruki. Ikachapishwa. Watu wakaamini miaka hii yote."

Nilimtazama kwa wasiwasi, maana nilijua kazi ile ilikuwa nini kwake. "Uliumia?"

"Alimfanya yule msichana ale halwa sahani mbili," alisema mke wake kutoka mlangoni. "Maskini, alifikiri ataonywa."

Daktari alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akainua mkono nisiinuke, akapumua. "Wengi hawana mabawa marefu kwa sababu gogo ni nyumba ya kutosha, hakuna haja ya kwenda mahali. Lakini gogo likiisha, wachache wanazaliwa nayo. Msichana anafikiri hivyo. Mimi sijui." Aliliachia lile neno la mwisho polepole. "Unajua nilikuwa nimekaa hapa nangoja kufa, kama mtu ameshajibu maswali yake yote? Kumbe sijui hata kama wanaruka."

Kisha akataka kunionyesha kitu. Binti yake alikuwa amemletea gogo lenye kunguni wale na kuliweka nyuma ya nyumba, chini ya mti wa parachichi. Manyunyu yalikuwa yameanza na mlima umejifunika, na mimi na mke wake tulimwambia angoje. Hakungoja. Alipofika alishuka magotini taratibu, mkono mmoja begani kwangu, akaanza kuinua gome kwa vidole vinavyotetemeka. Mama alitoka na mwavuli. Nilidhani atamkinga mumewe. Aliupitisha juu ya kichwa cheupe cha Daktari, akauinamisha mbele, akalikinga gogo.

"Polepole," alimwambia. "Usiwamwagie maji."

Nami nilikunja gauni langu la kanisani, nikapiga magoti upande wa pili, nikashika gome asije akaliangusha.